Dede, Kusota na Kawia Ufike: Historia Fupi ya Kupima Makuzi ya Mtoto Mchanga

Mwaka 2021 mkwe wangu alinijia barazani akiwa ameshika simu, uso umemkunjamana. "Baba," akasema, "hebu soma hapa. Wanasema mtoto wa miezi tisa awe anatambaa. Huyu wetu hatambai." Mtoto mwenyewe alikuwa mbele yetu juu ya mkeka. Alikuwa amekaa kitako, mguu mmoja ameukunja chini yake, na kwa kujisukuma na ule wa pili alikuwa akiifuata kata iliyobingirika. Aliifikia kabla mama yake hajamaliza kusema.

"Hatambai, lakini anasota," nikamjibu.

Akacheka kidogo. "Kusota, Baba? Si ndiyo ile ya mahabusu kusota rumande?"

Hapo nikakumbuka kwamba maneno nayo huhama nyumba. Magazeti yamelichukua neno *kusota* kuelezea shida ya muda mrefu, na vijana wengi hawajui tena kwamba kwao asilia ni mkekani: ni kwenda kwa makalio, kama waendavyo baadhi ya watoto kabla ya kusimama. Baada ya kusota au kutambaa huja *dede*, pale mtoto anapojiinua na kusimama akiyumba, mikono hewani, na nyumba nzima ikampigia makofi. Lugha yetu imezipa hatua hizi majina kwa sababu watu walizitazama kwa makini. Nataka msomaji anifuate katika historia ya kutazama huko: nani walianza kuandika hatua za mtoto, kipimo chao kilifikaje kwetu, na kwa nini mtu aliyefundisha Kiswahili maisha yake yote analo deni katika jambo hili.

Nilikutana na kipimo hicho kwa mara ya kwanza katika chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika somo la saikolojia. Mkufunzi alichora jedwali ubaoni: miezi sita, hukaa, miezi minane, hutambaa, miezi kumi na miwili, hutembea. Tulinakili, tukakariri, tukafanyia mtihani. Hakuna aliyeuliza jedwali lile lilitoka kwa watoto gani. Nami sikuuliza, ingawa nilikuwa na wadogo zangu watano niliowabeba mgongoni.

Jibu nililipata baadaye sana. Desturi ya kuandika siku za mtoto mmoja mmoja ilishika nguvu Ulaya katika karne ya kumi na tisa. Charles Darwin alianza kuandika habari za mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa Desemba 1839: lini alishtuka, lini alicheka, lini alikasirika. Alizichapa habari hizo mwaka 1877. Miaka mitano baadaye, mwaka 1882, Mjerumani William Preyer akatoa kitabu kizima juu ya roho na akili ya mtoto, kwa kumfuatilia mwanawe mwenyewe. Lakini hizo zilikuwa shajara za baba. Aliyezigeuza kuwa kipimo ni Arnold Gesell, aliyeanzisha kliniki ya watoto katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1911. Gesell aliwapiga watoto picha za sinema wakiwa ndani ya kuba maalumu, akazikata picha hizo kipande kwa kipande, akapanga kila tendo mahali pake katika kalenda ya miezi. Mwaka 1925 alitoa ratiba zake za makuzi, na katika miaka iliyofuata aliendelea kuziongezea.

Gesell aliamini kwamba mtoto hukomaa kama mche unavyokua, kila hatua kwa wakati wake kutokana na nguvu iliyo ndani ya mwili. Ikiwa hivyo ndivyo, watoto wa mji mmoja waweza kuwa mfano wa watoto wote. Na kweli, watoto aliowatumia kupata umri wa kawaida walikuwa kundi dogo la mji wa New Haven na viunga vyake, wa familia za tabaka la kati zenye asili ya Ulaya ya kaskazini. Jedwali la mkufunzi wetu lilikuwa mjukuu wa jedwali hilo.

Katikati ya miaka ya 1950 kipimo cha Gesell kilifika Afrika ya Mashariki. Daktari wa Kifaransa, Marcelle Geber, akishirikiana na R. F. A. Dean aliyekuwa akitafiti utapiamlo mjini Kampala, aliwapima watoto wa Uganda. Matokeo waliyochapisha kuanzia 1957 yaliwashangaza wengi. Watoto wa Kampala walionekana kuwatangulia wenzao wa Ulaya na Marekani katika kukaza shingo, kukaa na kusimama. Geber mwenyewe aliuona mchango wa mama: mtoto hubebwa siku nzima, huzungumzwa naye, hunyonya atakapo. Lakini wasomaji wengine walirukia rangi na damu, wakasema mtoto wa Kiafrika huzaliwa amekomaa mapema. Neno likaenea kwamba Mwafrika huwahi, na wako waliongeza kwamba anayewahi hivyo huishia njiani. Kipimo kikawa kimezaa sifa yenye sumu ndani yake.

Wakati huohuo Kampala ilikuwa na mgeni mwingine. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekulia Kanada, alifika mwaka 1954 pamoja na mumewe, aliyekuwa amepata kazi Makerere. Alizitembelea familia 26 za Kiganda zenye watoto 28, akirudi nyumba ileile kila baada ya wiki mbili hivi kwa miezi mingi. Hakuja na kisanduku cha vifaa vya mtihani tu. Alikaa sebuleni, akatazama mtoto anamlilia nani, anamfuata nani kwa macho, anarudi kwa nani akitishika. Kitabu chake juu ya watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967, na mawazo juu ya mshikamano wa mtoto na mlezi, ambayo leo hufundishwa duniani kote, yaliota mizizi katika sebule zile.

Swali la kuwahi lilipata jibu zuri zaidi Kenya. Katika miaka ya 1970 Mmarekani Charles Super alifanya utafiti Kokwet, kijiji cha Wakipsigis katika nyanda za juu za magharibi. Mwaka 1976 alichapisha aliyoyaona. Watoto wa Kokwet walikaa, wakasimama na wakatembea takriban mwezi mmoja kabla ya wenzao wa Marekani. Lakini katika kutambaa hawakuwa mbele, na katika mambo yanayotaka mtoto alazwe chini, kama kujigeuza, walikuwa nyuma. Kama ingekuwa ni damu, mbona damu iwahi kiunoni ichelewe magotini? Sababu ilikuwa wazi kwa aliyekuwa tayari kuiona. Akina mama wa Kokwet waliwafundisha watoto kukaa, wakiwachimbia kishimo ardhini na kuwategemeza kwa nguo. Waliwafundisha kusimama na kupiga hatua, na lugha yao ilikuwa na maneno mahususi ya mafunzo hayo. Mtoto hakulazwa sakafuni muda mrefu, maana alikuwa mgongoni au mapajani. Huko Uganda, Philip na Janet Kilbride nao walionyesha katika miaka hiyohiyo kwamba Waganda humfunza mtoto kukaa mapema, maana mtoto akaaye kitako ameingia katika jamii, wageni wanaweza kumsabahi.

Niliposoma habari za Kokwet nilifunga kitabu nikaanza kuinyambua lugha yangu. Kutokana na *kaa* tuna *kalisha*: "mkalishe mtoto, umwekee mito." Kutokana na *simama* tuna *simamisha*: "msimamishe dede." Kutokana na *tembea* tuna *tembeza*: "mshike mikono, umtembeze." Je, kutokana na *tambaa*? *Tambaza* ipo, lakini katika umri wangu wote sijamsikia mama akisema anamtambaza mwanawe. Kutambaa tumemwachia mtoto mwenyewe: atambae akitaka, asote akipenda. Waswahili hatukufanya utafiti wa Kokwet, lakini sarufi yetu inaelekea kuyasema yaleyale: yapo matendo ambayo mtoto hutendeshwa, na yapo anayoyatenda kwa hiari yake.

Nisiisifu lugha kupita kiasi. Ina maneno mengine ya kupimia watoto ambayo si ya huruma. Mtoto aliyedhoofika, akachelewa kusimama, watu walinong'ona kwamba *amebemendwa*, yaani wazazi wake wamevunja mwiko wa kutokutana wakati wa kunyonyesha, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Neno hilo moja lilikuwa kipimo, utambuzi wa ugonjwa na hukumu kwa pamoja. Nimewaona akina mama waliomficha mtoto chini ya kanga miezi mingi, wasimpeleke kliniki, kwa kuogopa macho ya foleni. Mtoto alikuwa na haja ya chakula au dawa. Aibu ndiyo aliyopewa.

Sasa nifike kwenye deni langu.

Mwanangu wa pili alizaliwa mwaka 1987. Alikaza shingo mapema, akakaa mapema, akasimama dede kabla ya miezi tisa na kutembea akiwa na miezi kumi. Nililikumbuka jedwali la chuoni nikajisifu kimoyomoyo: huyu amelipita. Kila mwezi mama yake alimpeleka kliniki, akapimwa uzito, na alama kwenye kadi ikapanda vizuri ndani ya kijani. Miezi ya kwanza alitoa sauti kama watoto wote. Hatukujua kwamba mtoto kiziwi naye huanza hivyo, na kwamba tofauti hujitokeza baadaye, pale wenzake wanapoanza kubwabwaja *ba-ba-ba, ma-ma-ma* wakijisikiliza na kurudia. Wetu hakufika hapo. Alipotimiza mwaka hakuwa na neno. Alipotimiza miaka miwili hakuwa na neno. Mama yake alianza kuwa na wasiwasi. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, nilikuwa na methali mfukoni.

"Kawia ufike," nilimwambia mke wangu. Wazee wakaniunga mkono. Baba mdogo alisema hata yeye alichelewa kusema, na tazama leo hanyamazi. Tukacheka.

Jioni moja ya masika radi ilipiga mwembe ulio hatua chache kutoka nyumbani. Sufuria zilitikisika, mtoto wa jirani akapiga ukelele, kaka yake akajitupa mapajani kwa mama. Yeye alikuwa ameketi ametupa mgongo dirishani, anapanga viberiti mstari mmoja mrefu. Hakugeuka. Aliweka kiberiti kingine. Mke wangu alinitazama, wala hakusema kitu. Mwana alikuwa na miaka mitatu na nusu.

Alianza shule ya viziwi akiwa na miaka saba, na huko ndiko alikopata lugha yake ya kwanza, Lugha ya Alama. Leo ni fundi seremala, ana familia, na viti ninavyokalia ni kazi ya mikono yake. Simlilii yeye. Nalilia ile miaka ambayo alikuwa nyumbani kwa mwalimu wa lugha bila lugha. Mimi nilijifunza alama nikiwa mtu mzima, na mpaka leo wajukuu zangu hunicheka kwa mikono yangu mizito.

Nikiitazama historia niliyoisimulia, naona nilitenda kosa lilelile la waliostaajabia kukaa na kusimama kwa watoto wa Kampala. Miguu ilinishangaza, nikasahau masikio. Jedwali letu la chuoni lilikuwa na kukaa, kutambaa na kutembea, kwa kuwa ndiyo mambo yanayoonekana kwa mbali na kuhesabika kwa urahisi. Kadi ilipima kilo. Hakuna aliyenifundisha kupiga upatu nyuma ya mtoto wa miezi sita nione kama atageuka.

Vipimo vilivyofuata vimejaribu kuziba pengo hilo. Mwaka 1967 William Frankenburg na Josiah Dodds walitoa kipimo cha Denver, kilichotokana na watoto 1,036 wa mji huo wa Marekani. Kiliweka lugha, mikono, miguu na maisha ya kijamii katika karatasi moja, na badala ya siku moja ya kufaulu kikaonyesha muda, kuanzia mtoto wa mapema hadi wa mwisho. Hata hivyo baadhi ya maswali yake yalihusu maisha na vifaa ambavyo kijiji chetu hakina. Ndiyo maana kazi zilizofanyika kwetu zina thamani. Kilifi, katika pwani ya Kenya, Amina Abubakar, Penny Holding na wenzao walitengeneza kipimo cha watoto wa miezi 6 hadi 35, na mwaka 2008 wakachapisha tathmini yake. Malawi, Melissa Gladstone na wenzake walipima zaidi ya watoto 1,400 wa vijijini, wakaondoa maswali yasiyofaa, wakaongeza ya kwao, na mwaka 2010 wakatoa kipimo chao.

Shirika la Afya Duniani nalo lilichapisha mwaka 2006 uchunguzi wa hatua sita za mwili kwa watoto 816 wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Watoto wa Oman walikuwa wa Muscat, mji ambao Waswahili wengi wana jamaa. Uchunguzi huo ulionyesha kwamba mtoto mwenye afya huweza kutembea peke yake wakati wowote kati ya miezi 8 na karibu miezi 18. Tena watoto 4 hivi katika kila 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Walifika kwa njia nyingine, wakasimama, wakaenda. Mwaka 2022 Kituo cha Marekani cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa kiliitengeneza upya orodha yake ya hatua za watoto. Kutambaa kukaondolewa. Nilimpigia simu mkwe wangu kumpa habari hiyo. Wakati huo aliyekuwa akisota alikuwa anakimbiza kuku.

Je, basi tuseme vipimo vyote ni vya kigeni na kila mtoto ana siku zake? Hapo ndipo napotaka msomaji asimame nami. Historia hii inatufundisha kutenganisha mambo mawili. Namna ya kwenda, kwa magoti au kwa makalio, hubadilika kwa malezi, na umri wa kukaa huvutwa mbele na mama anayechimba kishimo. Katika hayo *kawia ufike* ni neno la hekima, ingawa lina mpaka wake: mtoto aliyefika miezi 18 bila kutembea apelekwe kwa mganga. Lakini kugeukia sauti, kumtazama mlezi machoni, kubwabwaja, kuitika jina, hayo hayangoji mila. Mtoto wa Kokwet, wa Muscat na wa Tanga huyafanya yote, kila mmoja katika lugha yake. Na mtoto aliyekuwa akiyafanya kisha akayaacha ana haja ya kuonwa wiki hiyohiyo. Kwa hayo methali ni nyingine, nayo wazee walituachia vilevile: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mimi nilikuwa nazo methali zote mbili. Nilichagua iliyonipa usingizi.

Ombi langu kwa wasomaji wa ukurasa huu ni dogo. Mnaotoka Lamu, Pemba, Mrima, Kigoma na hata Bukavu, tuandikieni maneno ya kwenu ya hatua za mtoto, hasa ya sauti na masikio, kwa kuwa ya miguu tunayo mengi. Yakikusanywa, huenda muuguzi mmoja akampata mama mmoja kwa neno analolielewa, tena mapema. Nafunga kwa ubeti nilioutunga mwaka ambao mwanangu alianza shule:

Mtoto hana mdomo, wa kueleza taabu,
Apimwe kila kipimo, kwa subira na adabu,
Kimya chake kina somo, itafutweni sababu,
Kukawia si jawabu, sikio halingojei.